Doa Chini ya Dirisha la Mama Mkwe

Nyanzala aliliona lile doa kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akilitengeneza.

Lilianza dogo, kiasi cha kisahani cha chai, chini ya dirisha la chumba alichopewa kulala. Ukoka wa pale ulikuwa mrefu na wa kijani kama wa kwingine kote uwanjani, maana mvua za mwaka ule wa tisini na sita zilikuwa nzuri na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kufyeka. Kisha nyasi za pale zikalala, zikapauka, zikawa njano, na doa likatanuka mpaka likafika upana wa ungo. Kila alipopita karibu yake Nyanzala aligeuza uso, kama anayekwepa kusalimiana na mtu.

Msimfikirie vibaya. Hakuwa mchafu wala mvivu. Alikuwa mjane wa Kisukuma kutoka Kasansa, kule Mpimbwe, mwanamke aliyeswaga ng'ombe pamoja na marehemu mumewe Masele kutoka kaskazini hadi Mpimbwe, mtoto mgongoni na chungu kichwani, na huko Kasansa bado wanasimulia jinsi alivyomtoa fisi zizini kwa mwichi wa kutwangia. Fisi hakumtisha. Aliyemtisha duniani alikuwa mtu mmoja tu, kijana mpole mwenye miguu mipana aitwaye Kasimiri, mume wa binti yake Suzana.

Kwa watu wa Nyanzala, mama mkwe na mkwe wake wa kiume huheshimiana mpaka basi. Hawashikani mikono. Hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mkwe hutoka njiani, akaingia majanini na kugeuza uso mpaka mama apite. Ungemwambia Nyanzala amchague Kasimiri kwa sura katikati ya vijana wengine, angeshindwa. Alimjua kwa sauti na kwa miguu: vidole vifupi, ukucha wa kidole gumba uliopasuka, kandambili za bluu zilizolika upande wa nje.

Suzana alipojifungua mtoto wake wa kwanza, Nyanzala aliacha mpunga ukiinama shambani, akapanda lori la mizigo hadi Mpanda mjini kuja kumlea mzazi. Alikuja na samli, karanga na jogoo mmoja mkorofi. Alipokelewa kwa heshima zote, na balaa lenyewe lilianzia hapo hapo kwenye heshima.

Kasimiri alikuwa fundi bomba, Mfipa, na alikaa kwenye kota ya zamani ya serikali. Choo cha ndani cha nyumba ile kilikuwa kimekufa miaka mingi na watu walitumia cha shimo huko uani. Aliposikia mama mkwe anakuja, Kasimiri aliona haya. Mama mzima aliyemzalia mke, aende kuchutama kwenye kibanda cha miti? Akakifufua choo cha ndani kwa mikono yake mwenyewe, akakiwekea kiti kipya cheupe na mnyororo wa kuvuta. Kisha akabomoa kile cha nje na kukifukia kabisa, mgeni asije akakiona. Alipomaliza alijipongeza kwa soda baridi.

Siku ya kwanza Suzana, akiwa bado anatembea kwa kujishika kiuno, alimpeleka mama yake kumwonyesha.

"Mayu, hapa unakaa hivi. Ukimaliza unavuta huu mnyororo."

"Nimeona."

"Maji yakikatika, ndoo ile pale."

"Nimeona, mwanangu."

Ni kweli aliona. Aliona kiti, na akili yake ikamwona mtu anayekikalia kila asubuhi. Yeye na mkwe wake, wasioweza hata kugusana vidole kwa kupokezana kikombe, leo wakalie kiti kimoja kwa zamu, tena bila nguo! Mwili ulimsisimka. Kumwambia Suzana nako hakuweza, kwa sababu angemwambiaje bila kutaja kitako cha mume wa mtu? Suzana alikuwa amekaa mjini kiasi kwamba mambo haya yalikuwa yamemtoka kichwani. Nyanzala akanyamaza, akaanza kujitafutia njia.

Mchana njia ilipatikana kwa jirani. Eufrazia alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa makamo mwenye mdomo mkali na roho nyepesi, na uani kwake kulikuwa na choo cha shimo, safi, kimezungushiwa tofali za udongo. Nyanzala alipenya kwenye uwazi wa michongoma akaomba. Eufrazia alidhani ni bibi wa shamba aliyezoea vya shamba, akasema, "Pita tu mama, hapa kwako." Hata mbwa wake, dume la kahawia aliloliita Hawapendi ili kuwakera wambea, lilimzoea bibi na kumsindikiza hadi mlangoni kwa mkia.

Usiku ndio ulikuwa mgumu. Milango yote miwili, wa mbele na wa uani, ilitiwa kufuli kwa ajili ya wezi, na funguo zililala chumbani kwa Kasimiri. Nyanzala akaomba kopo tupu la mafuta ya kula, akasema la kuwekea karanga. Alfajiri, kabla watu hawajaamka, alipitisha kopo katikati ya nondo za dirisha na kulimwaga nje, akitega sikio kama mwizi. Mwanamke wa umri wake, bibi wa watu, anamwaga mikojo dirishani kwa mkwe! Kila alfajiri alijiambia kesho hatafanya tena, na kila kesho alifanya.

Huenda doa lingebaki siri yake na ukoka, lakini ubatizo wa mtoto ukawa umekaribia. Mtoto angebatizwa Celestin. Nyanzala alimwita Masele, jina la babu yake, na kwa utani wa bibi na mjukuu alimwita pia "mume wangu". Wageni wangekuja kutoka parokiani, kazini na hata Namanyere kwa wazazi wa Kasimiri, nao wangekaa nje kwenye ukoka. Kasimiri alitazama uwanja alioutelekeza tangu mimba ya Suzana, akaona haya mara ya pili katika mwaka mmoja. Akachukua fyekeo. Akafyeka kutwa nzima, akapiga reki, na jioni doa likawa limetoka peupe kama kipara.

Nyanzala alikuwa chumbani akimkanda mtoto kwa samli aliposikia kandambili zinasimama chini ya dirisha.

"Suzana! Hebu njoo uone."

"Nini tena?"

"Ukoka umeungua. Hapa tu, kwingine kote uko mzima." Jembe likagonga ardhi. Kisha ikasikika sauti ya mtu anayenusa. "Mkojo huu! Tena si kidogo. Huyu ni mbwa au ng'ombe?"

Nyanzala alisimamisha mikono kwenye mgongo wa mtoto. Joto lilimpanda kutoka miguuni hadi masikioni, akainama ingawa hakuna aliyekuwa akimwona.

"Ni mbwa wa Eufrazia," Kasimiri akaendelea. "Mbwa akishachagua mahali, ndiyo choo chake hicho."

Alilitibu lile doa kwa bidii, kama alivyofanya kila kitu. Alikwangua nyasi zilizokufa, akachimbua udongo, akaulowesha kwa ndoo baada ya ndoo ili ukali utoke. Akachanganya samadi iliyooza vizuri, akapandikiza vipande vya ukoka alivyovichimba pembeni ya uzio, akavikandamiza kwa kiganja. Mwisho akachomeka vijiti kuzunguka na kutangaza kwamba asikanyage mtu, hata yeye mwenyewe. Kisha akaenda kwa Eufrazia.

Maneno yao yalisikika mtaa mzima.

"Mbwa wangu analala kwangu, Kasimiri!"

"Basi anatembea usingizini, maana ukoka wangu anaumaliza!"

"Ukoka! Watu wanalima mahindi, wewe unalima majani, halafu unagombana na mbwa!"

Kesho yake asubuhi uwazi wa michongoma ulikuwa umezibwa kwa matawi ya miiba. Eufrazia alikuwa mtu wa kuzira, na akizira anazira na nyumba nzima. Nyanzala alisimama mbele ya miiba ile na khanga yake mkononi. Upande wa pili Hawapendi alikuwa amefungwa kamba shingoni kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akimlilia.

Tangu siku hiyo Nyanzala aliacha uji. Chai aliigusa kwa midomo tu. Mchana alitembea hadi vichaka vya ng'ambo ya reli, akidai anatafuta kuni, na kuni zenyewe alirudi nazo tatu nne za kuzuga. Midomo ilimkauka.

"Mayu, mbona hunywi? Unaumwa?" Suzana akamuuliza.

"Maji ya huku mazito," akajibu. Uongo huo nao ukamtia aibu, maana maji yale mkwe wake ndiye aliyeyavuta bombani.

Alivumilia alivyoweza. Lakini mwili wa mama mtu mzima haupokei amri. Alfajiri moja hakuwa na la kufanya. Alinyoosha mkono nje ya nondo hadi bega likauma, akakusudia kurusha mbali, upande wa njia. Kopo likagonga nondo. Yote yakaangukia katikati ya vijiti.

Mkojo wa mtu aliyejinyima maji ni mkali kama chumvi. Ukoka mchanga haukufika mbali. Jumamosi, wakati mzigo wa mchele wa ubatizo ulikuwa umeshapokelewa na masufuria ya kuazima yamepangwa uani, Kasimiri alisimama juu ya doa lake lililorudi kuwa njano. Alipoondoka alikwenda sokoni. Alirudi na utumbo wa mbuzi kwenye mfuko wa nailoni, na kwenye mfuko wa shati alikuwa na sumu ya panya.

"Leo akija hatarudi," alimwambia Suzana pale barazani.

"Baba Celestin, mbwa wa watu! Na kesho ubatizo!"

"Nimemwambia kwa mdomo, mwenyewe akanitukana. Sasa niongee na mbwa mwenyewe."

Nyanzala alikuwa mkekani, kwenye kona ya baraza, amewapa mgongo kama desturi, mtoto mapajani. Alimwona Hawapendi akilini, na ule mkia wake wa kusindikiza. Mbwa yule hakumkosea mtu. Na kama angekufa, Eufrazia angejua nani kamuua, na nyumba mbili hizi zingeishi kwa uadui mpaka watoto wazeeke, kwa sababu ya kopo la bibi mmoja aliyeona haya kusema. Mficha uchi hazai, wanasema, na Nyanzala alikuwa amewaambia wanawake wengi methali hiyo kwa ukali. Hakujua kwamba inachoma hivi ikikugeukia.

Kusema na mkwe wake jambo kama hili hakuweza. Lakini mtoto alikuwepo, na mtoto huambiwa lolote.

"Mume wangu," akaanza, akimtikisa mtoto kidogo. Sauti ilitoka nyembamba mpaka hakuitambua. "Wewe Masele, unanisikia? Mwambie baba yako mbwa wa watu hana kosa."

Nyuma yake maneno yakakatika.

"Mwambie anayekojoa pale halali nje. Analala humu humu ndani, chumba cha mbele. Kile kiti cheupe mlimnunulia nyie kwa heshima, lakini yeye hawezi kukaa alipokaa mkwe wake. Kakua hivyo. Ukubwa huu hawezi kubadilika. Mwambie mbwa anayemtafuta ni bibi yako."

Suzana aliweka kiganja mdomoni. Nyanzala alivuta khanga akajifunika kichwa chote, yeye na mjukuu wake, akatamani ardhi ipasuke immeze na mkeka. Aliwahi kuzika mume, aliwahi kupoteza ng'ombe zizi zima kwa maradhi, lakini siku zote hizo alikuwa na uso wa kuutoa mbele za watu. Sasa hakuwa nao. Alianza kuhesabu ni lori gani litaondoka kesho kwenda Kasansa, ubatizo uwe umeisha au la.

Kupitia upindo wa khanga aliona kandambili za bluu. Zilisimama. Zikageuka, zikaondoka, na mfuko wa nailoni ukasikika ukitupwa kwenye shimo la taka. Kisha zikarudi, zikasimama mbali kuliko kawaida, vidole vikiangalia ukuta.

"Masele," Kasimiri akasema.

Hakuwahi kumwita mtoto jina hilo. Siku zote ilikuwa Celestin, na Celestin tu.

"Masele baba, mwambie bibi..." Sauti ya fundi bomba ilikwama kama bomba lenye mchanga. "Mwambie aliyefukia choo cha uani ni mimi."

Akaondoka haraka. Nyanzala alisikia akienda kwenye michongoma, akiita, "Dada Eufrazia! Dada Eufrazia, hodi!" kwa nguvu, ili kila apitaye njiani asikie.

"Umekuja kumnusa tena mbwa wangu?"

"Nimekuja kuomba radhi. Ile nyasi niliiunguza mwenyewe. Nilimwaga maji ya betri ya redio pale dirishani, nikasahau. Mbwa wako nimemsingizia bure."

"Maji ya betri!" Cherehani ilinyamaza. "Mtu mzima na akili zako! Umwage maji ya betri kwenye majani, halafu unuse na useme mkojo? Pua hiyo ndiyo unayotengenezea mabomba? Njooni nyie, njooni mumwone fundi wa serikali!"

Watu walikuja, kwa nini wasije? Eufrazia alimsema kwa Kiswahili, akamsema kwa Kifipa, lugha aliyojifunza kwa wateja, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kasimiri alisimama katikati yao akisema, "Kweli dada. Ni kweli. Nimekosa." Nyanzala alisikia kila neno akiwa ndani ya khanga. Kila tusi lililompata mkwe wake lilikuwa na jina lake yeye, na kijana yule alilipokea kwa adabu, na hakulirudisha. Machozi yalimtoka bibi, yakamdondokea mtoto shingoni. Aibu yake haikupungua hata kidogo, ila haikuwa tena ya peke yake.

Ubatizo ulifanyika na doa likiwa wazi, njano, katikati ya uwanja uliofyekwa vizuri. Kila mgeni aliuliza. Kila mgeni alijibiwa maji ya betri, na kila mgeni alicheka. Baba yake Kasimiri aliyetoka Namanyere alisema mbele ya padri kwamba alisomesha mtoto bure. Nyanzala alikuwa akipakua pilau. Eufrazia, aliyekuja na Hawapendi bila kamba, alimnong'oneza, "Mama, mkwe wako mpole, lakini kichwani hamna kitu." Nyanzala alitaka kusema. Alifungua mdomo. Kasimiri, aliyekuwa anapita na kreti la soda, alikohoa, naye bibi akaufunga.

Jumatatu Kasimiri hakwenda kazini. Alichimba shimo ubavuni mwa nyumba, kwenye kona, na hakumwita mtu wa kumsaidia. Udongo mweusi wa juu aliutenga, akaujaza kwenye doa baada ya kukwangua upya, akapandikiza ukoka mwingine, akarudisha vijiti. Juu ya shimo alijenga kibanda cha tofali na kukiezeka bati, mlango ukiwa umeelekea mbali na nyumba. Ufunguo wa mlango wa mbele Suzana aliuleta chumbani kwa mama yake bila maneno, akauweka dirishani, na kuondoka na kopo.

Asubuhi ya kwanza ya kukitumia, Nyanzala alingoja asikie pikipiki ya mkwe wake ikiondoka. Hakuisikia, na hali haikungoja. Akatoka mlango wa mbele na khanga yake, akashika kile kinjia chembamba kinachopita kati ya ukuta na ukoka, chini ya dirisha lake. Alipofika katikati, Kasimiri akatokea konani na ndoo ya maji mkononi. Alikuwa anakuja kumwagilia.

Walisimama wote wawili. Yeye ni mama mkwe na anakwenda chooni, na mkwe wake anajua anakokwenda. Hakuna aibu inayozidi hiyo katika nchi ya Wasukuma. Upande mmoja ukuta, upande wa pili vijiti, na pori la kuingia hakuna.

Nyanzala aliinamisha macho, kwa hiyo aliona miguu tu. Zile kandambili za bluu zilisita. Kisha zikavuka vijiti, moja, na ya pili, zikakanyaga ukoka mpya aliokataza usikanyagwe na mtu, zikazama kwenye udongo mlaini hadi vidole vifupi vikafunikwa. Visigino vikageuka vikamwelekea yeye, maana mwenyewe alikuwa amegeuzia uso uwanjani, ndoo bado mkononi, akingoja mama apite.

Naye akapita.